Bawa Hujengwa Ndani ya Embe

Msimu wa maembe wa mwaka huu umetuachia mjadala ambao haujaisha katika kikundi chetu cha wakulima hapa Mkuranga: nani anapaswa kuokota maembe yaliyooza chini ya miti, ambamo nzi wa matunda huzaliana? Upande mmoja unasema ni kazi ya kila mtu, hata mwenye miti miwili mitatu nyuma ya nyumba. Upande wa pili unasema kila mkulima apambane na nzi wa shamba lake. Mzee mmoja ninayemheshimu sana ndiye aliyeupa upande wa pili nguvu. Alifungua kiganja, akatuonyesha nzi aliyekufa, akasema, "Mwanangu, wewe umesoma. Mdudu huyu hafikii hata ukucha wangu. Kutoka kwangu hadi kwako ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Hebu niambie, kwa umbo hili atafikaje?"

Swali la mzee linastahili jibu lililofikiriwa. Umbo la nzi lina uhusiano gani na uwezo wake wa kuruka? Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita karibu na swali hilo, na tangu siku ile nimekuwa nikiyapitia upya niliyoyaona, kwa sababu naamini jibu lake linagusa moja kwa moja hatima ya maembe yetu.

Nilikutana nalo mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa biolojia. Mhadhiri wetu wa jenetiki alituwekea mezani chupa mbili zilizozibwa kwa pamba, kila moja ikiwa na uji mgumu wa unga wa mahindi, sukari na hamira. Ndani mlikuwa na vinzi vile vidogo vinavyozunguka ndizi mbivu, ambavyo wanasayansi huviita Drosophila melanogaster. Ni vinzi hivyo hivyo ambavyo Thomas Hunt Morgan alivichunguza katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na mwaka 1910 akaeleza habari za dume lenye macho meupe, habari iliyofungua njia ya kuelewa jinsi jeni zinavyopangwa.

Alipozibua chupa ya kwanza, vinzi viliruka kuelekea dirishani kwenye mwanga. Alipozibua ya pili, vilipanda ukuta wa chupa, vikadondoka mezani na kuanza kutembea. Mabawa vilikuwa nayo, ila yalikuwa yamesinyaa kabisa. Hitilafu katika jeni moja ilitosha kuvinyima anga. Sisi wanafunzi tulikwisha kutoa hukumu: viumbe hivi vimeharibika, na nje ya chupa visingedumu hata siku moja.

Mhadhiri akatusimulia jaribio la Roscoff. Roscoff ni mji wa pwani nchini Ufaransa, mahali penye upepo mkali wa bahari. Mwaka 1937 Philippe L'Héritier na wenzake walieleza walichokiona walipowaweka pamoja nzi wenye mabawa kamili na wenye mabawa yaliyosinyaa katika sehemu ya wazi inayopigwa na upepo huo. Ndani ya maabara, wenye mabawa yaliyosinyaa hushindwa na wenzao kizazi baada ya kizazi. Kule kwenye upepo mambo yaligeuka. Wenye mabawa walipeperushwa, na wasioweza kuruka wakabaki na kuongezeka uwiano wao. Charles Darwin alikuwa amelifikiria jambo hilo hilo mwaka 1859, alipoandika kwamba katika aina 550 za mbawakawa waliojulikana wakati huo kisiwani Madeira, aina 200 hazikuwa na mabawa ya kuwawezesha kuruka.

Somo hilo limenikaa moyoni kuliko mengi niliyofundishwa darasani. Umbo halina alama zake lenyewe. Alama hutolewa na mahali. Ukitaka kujua kama mdudu fulani ameumbwa vizuri au vibaya, kwanza uliza anaishi wapi, upepo wa hapo ukoje, na chakula chake kiko umbali gani.

Baadaye nilipewa kazi ndogo ya kulea vinzi hivyo katika makabati mawili ya joto tofauti, moja likiwa nyuzi 18 na jingine nyuzi 25 za Selsiasi. Ilikuwa kazi ya uvumilivu: kubadilisha chakula, kuwalaza vinzi kwa etha, kuwapanga chini ya hadubini na kupima bawa na kidari, yaani sehemu ya mwili iliyo kati ya kichwa na tumbo. Tofauti ilionekana mapema. Waliokulia kwenye baridi walichelewa kukua, lakini walipoibuka walikuwa wakubwa.

Ukubwa huo ulizua ubishi kati yetu. Mwenzangu mmoja alidai kwamba nzi mkubwa lazima aruke vibaya, na hesabu yake ilikuwa na msingi. Mwili ukiongezeka urefu mara mbili bila kubadilika umbo, eneo la bawa huongezeka mara nne, lakini uzito huongezeka mara nane. Kila kipande cha bawa hubeba mzigo mara mbili ya ule wa mwanzo. Mvuvi anaijua hesabu hiyo bila kuiandika: chombo kikikua na kujaa shehena, huwezi kukiachia tanga la ngalawa.

Vipimo vyetu vilionyesha jambo ambalo hesabu hiyo peke yake haikulitazamia. Baridi haikuwa imemkuza nzi kwa usawa kila upande. Bawa lilikuwa limekua kuliko mwili, kiasi kwamba mzigo kwa kila kipande cha bawa ulipungua. Baadaye nilisoma majaribio yaliyochapishwa mwaka 2008, ambamo vinzi vilivyolelewa kwenye baridi viliweza kupaa katika ubaridi ambao wenzao waliokulia kwenye joto walishindwa. Misuli iliyopoa hupiga mabawa polepole, na bawa kubwa hufidia upungufu huo.

Mfano mwingine ni wa nzi wa Ulaya aitwaye Drosophila subobscura, aliyefika pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kufikia mwaka 2000 watafiti waliripoti kwamba wale walioenea upande wa kaskazini wenye baridi walikuwa wamekwisha kuwa na mabawa makubwa kuliko wa kusini, kama ilivyo kwa ndugu zao wa Ulaya. Miongo miwili tu ilitosha kubadilisha kipimo cha bawa. Tangu hapo nikiulizwa kama mdudu mdogo anaweza kuruka mbali, nauliza bawa lake lina uwiano gani na uzito wake, na amekulia katika joto gani. Udogo peke yake hauniambii kitu.

Hatua iliyofuata ilikuwa kufungua kidari chenyewe. Ukikikata kidari cha nzi kwa uangalifu na kukitazama kwa hadubini, unakuta karibu chote kimejaa misuli. Kundi moja hutoka mbele kwenda nyuma, jingine hutoka juu kwenda chini. Sehemu kubwa ya misuli hiyo haikushikamana na bawa. Huvuta kuta za kidari, kidari kikajibana na kujitanua, na mabawa yakapanda na kushuka kwa sababu hiyo. Kundi moja likijikaza hulivuta jingine, na mvutano huo humwamsha mwenzake ajikaze kwa zamu yake. Ndiyo maana kinzi cha ndizi huweza kupiga mabawa mara 200 hivi kwa sekunde, kasi ambayo mishipa ya fahamu isingeweza kuiamrisha pigo moja moja.

Katika chumba tulichofanyia kazi hiyo palikuwa na picha ukutani niliyokuwa nikiitazama kila nilipopumzisha macho: nzi mwenye mabawa manne. Nzi wa kawaida ana mabawa mawili, na nyuma yake ana vijiti viwili vyenye kichwa cha mviringo, viitwavyo halteri. Vijiti hivyo hutikisika pamoja na mabawa na kumwambia nzi kila anapoyumba au kugeuka. Ukiviondoa, nzi hupoteza mwelekeo na kuanguka. Edward Lewis, mtafiti wa Marekani aliyegawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1995 kwa kazi ya jeni zinazopanga mwili, aliunganisha mabadiliko ya jeni yaliyomfanya nzi aote mabawa mengine mawili mahali pa halteri.

Mtu asiyejua angetarajia mdudu huyo aruke maradufu. Hakuweza kuruka. Mabawa ya nyuma hayakuwa na misuli ya kutosha ya kuyapiga, na viungo vya kumweka sawa vilikuwa vimepotea ili kuyapa nafasi. Nilielewa hapo kwamba uwezo wa kuruka ni mapatano kati ya sehemu nyingi za mwili. Bawa ndilo linaloonekana kwa macho, lakini lenyewe ni shahidi mmoja tu katika kesi yenye mashahidi wengi.

Miaka ilipita, nikaingia katika kazi ya wadudu waharibifu, na nikapata nafasi ya kuhudhuria mafunzo huko Seibersdorf nchini Austria, kwenye maabara za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Tulifundishwa mbinu ya nzi tasa. Madume hufugwa kwa wingi, hupigwa mionzi kabla ya kuibuka kwenye ganda la pupa, kisha huachiwa porini wakutane na majike ya huko. Mayai yanayotagwa baada ya hapo hayaanguliwi. Kwetu Watanzania mbinu hiyo haikuwa ngeni. Madume tasa ya mbung'o yaliyofugwa Tanga yalidondoshwa kwa ndege juu ya Unguja katika miaka ya 1990, hadi mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina tena mbung'o.

Kilichonishika zaidi kule Seibersdorf kilikuwa kipande cha bomba jeusi chenye kimo cha sentimita 10. Ndani yake hupakwa unga laini wa talki ili mdudu asiweze kupanda ukuta kwa miguu. Pupa huwekwa chini, kisha watu husubiri. Nzi akiibuka, njia ya kutoka ni moja tu, kuruka. Baada ya wote kuibuka, waliobaki ndani huhesabiwa, na hesabu hiyo ndiyo inayosema kama kundi zima linafaa kupelekwa shambani. Dume asiyeweza kuruka hatafika kwa jike, na fedha zote zilizotumika kumlea zimepotea.

Tuliyamwaga mabomba kwenye karatasi nyeupe na kuwapanga waliobaki. Wengine walikuwa na mabawa yaliyokunjamana. Wengine walinasa nusu ndani ya ganda. Wengine walionekana wazima kabisa, bawa limenyooka na mwili umekamilika, lakini hawakuweza kutoka. Mkufunzi wetu, mama mtulivu aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, alitueleza kwamba sababu za hao wa mwisho hutafutwa nyuma. Huenda pupa zilirundikwa zikapata joto kupita kiasi wakati wa kusafirishwa. Huenda funza walilelewa wakiwa wamesongamana, chakula hakikutosha, wakaingia kwenye pupa wakiwa wadogo na dhaifu.

Akatukumbusha jambo ambalo kila mwanafunzi wa wadudu hulijua na kulisahau: nzi akishaibuka hakui tena. Mabawa yakishakunjuka na kukauka, kipimo chake hakibadiliki hadi kufa. Urefu wa bawa na ukubwa wa kidari vimekwisha kuamuliwa siku zile alipokuwa funza asiye na mguu wala bawa, akila gizani. Anachoweza kukifanya angani kimetengenezwa kabla hajaliona anga. Kati ya yote niliyojifunza, hilo ndilo ninalotaka wenzangu wa Mkuranga walishike.

Nililiona kwa macho yangu niliporudi nyumbani na kufanya kazi Morogoro. Mwaka 2003 nzi mgeni alikuwa amegunduliwa Kenya, na mwaka huo huo akapatikana Tanzania. Alikuwa na kidari chenye michirizi ya njano na mabawa maangavu. Mwaka 2005 alipewa jina la Bactrocera invadens, na baadaye wataalamu wakakubaliana kwamba ni yule yule Bactrocera dorsalis wa Asia. Ndani ya miaka michache alikuwa amesambaa katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walimfuatilia pamoja na wenzao wa Ubelgiji katika miteremko ya Uluguru, wakaona kwamba anatawala maeneo ya chini yenye joto na kupungua kadiri mlima unavyopanda.

Kabla yake maembe yetu yalisumbuliwa zaidi na nzi wa asili wa Afrika, Ceratitis cosyra, mwenye mabawa yenye madoa, ambaye porini hushambulia pia matunda ya mng'ong'o. Mgeni alimsukuma pembeni. Mashambani nilisikia watu wakieleza ushindi wake kwa umbo: ni mkubwa kidogo, ana nguvu, anaruka vizuri. Majaribio yaliyofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2009 yalionyesha mambo mawili. Nzi wazima wa aina ngeni huwafukuza wale wa mwenyeji kwenye tunda. Zaidi ya hapo, aina zote mbili zikitaga katika embe moja, funza wa mgeni huwashinda funza wa mwenyeji katika kula. Sehemu kubwa ya vita vilivyoamua nani atamiliki maembe ya Afrika Mashariki ilipiganwa ndani ya nyama ya embe, na wapiganaji wasio na mabawa.

Siku moja katika kijiji kimoja cha mkoa wa Morogoro mama muuza matunda alipasua embe lililoanguka ili anionyeshe hasara yake. Funza walimwagika kwenye sinia. Mmoja alijikunja hadi kichwa kikakutana na mkia, akajiachia ghafla na kujirusha nje ya sinia. "Mwalimu, mbona hata hawa wanaruka?" aliuliza. Nilimweleza kwamba funza aliyekwisha kushiba hufanya hivyo ili aliache embe na kutafuta udongo. Akishapata udongo laini hujichimbia sentimita chache tu na kuwa pupa. Humo hukaa siku kumi hivi, zaidi kukiwa na baridi, na kutoka akiwa nzi kamili. Mama yule alitazama chini ya mwembe wake, palipojaa maembe yaliyoanguka, kisha akaenda kuchukua jembe. Hakuhitaji hotuba yangu.

Sasa nirudi kwa swali la mzee, maana anastahili kujibiwa kwa heshima. Atafikaje? Atafika kwa kidari kilichojaa misuli, kwa bawa linalolingana na uzito wake, na kwa joto letu la pwani linalomfaa. Kinzi cha ndizi, chenye urefu wa milimita mbili na nusu tu, kiliwahi kukamatwa kilomita karibu 15 kutoka kilipoachiwa katika jangwa la Death Valley, California, kama watafiti walivyoripoti mwaka 1982. Huo ni umbali wa mara milioni sita ya urefu wa mwili wake. Na huyu wa maembe, ambaye mwili wake ni mkubwa zaidi, amewahi kutiwa alama na kukutwa amevuka bahari kutoka kisiwa hadi kisiwa katika visiwa vya Ogasawara nchini Japani. Robo saa ya mwendo wetu kwa miguu haiwezi kumzuia.

Lakini mzee ana ukweli upande mmoja, na sipendi uachwe. Nzi wengi hawaendi mbali wakiwa na matunda ya kutosha karibu. Huondoka matunda yanapokwisha, au wakiwa bado wachanga wakitafuta chakula cha kukomaza mayai. Maana yake ni kwamba shamba lenye maembe yaliyooza hufuga nzi wake kwa utulivu msimu mzima, kisha mavuno yanapokwisha huwaachia kwa majirani wote kwa mpigo. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani mwake. Mtego wenye chambo na dawa ya kupulizia hukutana na nzi huyo akiwa tayari ana kila alichokihitaji ili atukimbie. Tunakuwa tunashindana naye mahali anapotuzidi.

Mahali tunapomzidi ni ndani ya embe. Humo hana bawa, hana kidari, hana pa kwenda. Embe likiokotwa kabla funza hajajirusha na kufukiwa kwenye shimo lenye kina cha nusu mita au zaidi, au likifungwa kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuachwa juani kwa siku kadhaa, bawa lile halitajengwa. Lipo pia hema dogo ambalo watafiti wamelipeleka mashambani. Maembe yaliyooza hutiwa humo, na juu huwekwa wavu wenye matundu ambayo nzi hawezi kupenya, ilhali nyigu wadogo wanaomshambulia nzi akingali yai au funza hupita na kurudi shambani kuendelea na kazi. Huko tofauti ya umbo kati ya viumbe wawili imegeuzwa kuwa chombo cha mkulima, na hakuna sumu iliyotumika.

Unguja ilishinda mbung'o kwa sababu kazi ilifanyika kisiwa kizima. Sisi hatuishi kisiwani, na nzi wetu wataendelea kuingia kutoka nje hata tukijitahidi vipi. Hata hivyo tunaweza kukiondoa kiwanda cha mabawa kilichomo ndani ya mashamba yetu wenyewe. Pendekezo langu kwa kikundi ni kwamba kuanzia maembe ya kwanza yatakapodondoka msimu ujao, tuokote mara mbili kila wiki, mashamba yote siku ileile, na wenye nguvu wawasaidie wazee na wajane wenye miti michache. Nitaanzia kwa mzee aliyeniuliza swali, akiniruhusu, na shimo nitalichimba mwenyewe.